Moshi wa Wifi, Pumzi ya Bahari

Kamba ya mwisho ilikwisha kufunguliwa, na kati ya meli na gati palikuwa pameingia maji ya upana wa mlango, ndipo kaka mtu alipokumbuka kwamba kazi ya mikono yake hajaiona ikifanya kazi. Akatimua mbio kando ya gati, utepe wa kupimia ukimrukaruka shingoni, maana alitoka kwenye kibanda chake cha ushonaji bila hata kuifunika cherehani.

"Dada! Uvute juu niuone!"

Dada yake alikuwa mbele kabisa ya meli, mguu mmoja juu ya ngazi ya kontena jeupe. Akaivuta kamba. Ule mfuko wa upepo, turubai la rangi ya chungwa lililoshonwa kama mkono wa shati la jitu, ukapanda mlingotini, ukalegea, ukashtuka, kisha ukajaa na kunyooka kuelekea nyuma. Fundi cherehani akajipigia makofi mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumpigia. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, mmoja mbele kwa dada yake, wa pili nyuma kwenye bomba la moshi, ambako chini yake, katika joto na kelele, alikuwamo mkewe.

"Mkigombana huko," akapaza sauti, "msiniletee mimi kesi."

Mabaharia walicheka. Kesi hizo walizijua. Dada mtu alikuwa mkemia wa hewa, nao walimwita Bi Pua kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunusa upepo mwaka hadi mwaka. Mke wa kaka alikuwa fundi wa pili wa mitambo, na jina lake melini lilikuwa Bi Grisi. Mawifi wawili kwenye chombo kimoja, mmoja anatoa moshi nyuma, mwenzake anatafuta hewa safi mbele. Hata wangekuwa hawajuani wangetafutana maneno. Sasa na uwifi juu yake, basi tena.

Alikuwapo gatini mtu mmoja ambaye hakupunga mkono, naye ni mkurugenzi wa taasisi ya utafiti yenye meli hiyo. Asubuhi hiyo alikuwa amepanda melini, akazunguka kontena la Bi Pua kama mtu anayekagua ng'ombe asiyetaka kumnunua, kisha akasema lake. Wapima sakafu ya bahari wamepata winchi mpya, mashine ya kuteremshia vyombo vyao kilindini, na winchi inataka kukaa pale pale kontena lilipo. Akasema kontena lile limekula nafasi muda mrefu na halijamletea ushahidi ambao wanasayansi wenzake hawawezi kuutoboa. Hewa inayopimwa juu ya meli, kwa maoni yake, ni hewa ya meli. "Ni kama mtu kujinusa kwapa, kisha atangaze kwamba mji mzima unanuka."

Bi Pua hakutafuta maneno. Alimwambia atarudi na kitu kinachosimama chenyewe, bila kushikiliwa na mtu. Mkurugenzi akamwambia vema, kikisimama kontena linakaa, kikianguka kontena linashuka siku hiyohiyo meli ikifunga kamba. Wakapeana mikono. Bi Pua alipouachia ule mkono hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo: akiingia chumbani kwenye giza hupapasa swichi mara moja tu.

Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya vumbi dogo ambalo macho hayalioni. Kila tone la wingu linahitaji mahali pa kukalia. Mvuke haushikani hewani hivihivi. Hutafuta kichembe, kama ndege anavyotafuta tawi. Katikati ya bahari, mbali na mavumbi ya nchi kavu, vichembe hivyo vingi ni chumvi iliyorushwa na mawimbi, pamoja na salfeti, inayozaliwa na salfa. Chumvi kila mtu anajua ilikotoka. Salfeti ndiyo yenye kesi.

Mkurugenzi alisema ni moshi wa meli. Mafuta mazito yana salfa ndani yake. Yakiungua hutoa gesi kali ya kukereketa koo, gesi hiyo hugeuka tindikali hewani, tindikali hujikusanyia unyevu, na hapo kichembe kimezaliwa. Bi Pua hilo hakulikana. Ila alisema bahari nayo ina salfa yake. Kuna vimea vidogo sana vinavyoelea juu ya maji. Vikifa au vikiliwa huachia gesi. Gesi inapanda, jua linaamsha vitu vya kuitafuna, na mwisho wa safari inakuwa gesi kali ileile, tindikali ileile, kichembe kilekile. Nyingine huingia ndani ya matone ya mawingu na kupikika humo, kwa ile dawa ya kutoa povu wanayosafishia vidonda, ambayo angani hujitengeneza yenyewe; tone likikauka linaacha kichembe kikubwa kuliko kilichoingia. Njia mbili, nyumba moja.

Siku alipoyaeleza haya nyumbani kwa kaka yake, mezani, kabla ya safari, Bi Grisi aliyasikiliza hadi mwisho huku akimenya chungwa.

"Kwa hiyo ni kama mimi na wewe," akasema. "Wewe umezaliwa humu ndani, mimi nimeingia kwa mlango wa mbele na masanduku yangu. Mtu akitukuta wote jikoni atajuaje nani ni wa wapi?"

"Atajua," Bi Pua akamjibu. "Wewe unaunguza."

Fundi cherehani alicheka hadi akameza sindano iliyokuwa mdomoni, au ndivyo walivyodhani. Waliitafuta chini ya meza wakaikuta kwenye mkunjo wa suruali yake.

Lakini jibu la kweli lilikuwapo, na Bi Pua alilitoa baada ya sindano kupatikana. Gesi ya bahari ikitafunwa na jua haizai tindikali moja tu. Inazaa na ya pili, kidogo, pembeni. Alikuwa akiiita Mdogo Mtu. Moshi wa meli hauizai hata ukiombewa. Ukimkuta Mdogo Mtu kwenye chujio, ujue bahari imepita hapo.

Sasa sheria za kontena. Bomba moja refu lilipanda mlingotini, juu kuliko paa, likivuta hewa kupitia chujio jeupe la duara, dogo kama sahani ya kikombe. Bomba la pili lilikuwa la kunusa gesi yenyewe ya bahari kabla haijageuka. Hili la pili, safari zote za nyuma, lilipanda sambamba na la kwanza. Safari hii Bi Pua alilikata. Gesi, alisema, hung'ang'ania kuta za bomba refu, ikifika chini imekwisha nusu. Basi akalipitisha kwenye tundu la ukuta wa nyuma wa kontena, usawa wa bega, likawa fupi na safi, na akajipongeza kwa hilo kwa kula biskuti.

Nyuma ya kontena palichorwa mstari wa njano sakafuni. Pampu ya kuvuta hewa ikilia, hakuna kuuvuka kwenda mbele: si mvuta sigara, si mchora rangi, wala Bi Pua mwenyewe. Na safari hii, kwa ajili ya mkurugenzi na winchi yake, aliongeza sheria moja zaidi. Alimwendea nahodha, mzee mtaratibu aliyeongea kama anayelipia kila neno, akamwomba kila asubuhi hadi adhuhuri meli iende polepole na uso wake uelekee upepo unakotoka, ili moshi wote uende nyuma. Nahodha aliutazama ule mfuko wa chungwa, akasema sawa.

Aliyelalamika ni Bi Grisi. Mashine kubwa, alisema, haipendi kutembezwa kama bibi harusi. Ikienda polepole inatoa masizi mazito, na upepo wa uso unayabwaga kwenye sitaha ya nyuma. "Unanitia aibu, wifi. Moshi wangu ukienda kasi hauonekani. Sasa kila mtu anakohoa na kunitazama mimi."

Bi Pua alimwambia penye moshi pana wifi, na mambo yakaishia hapo.

Walifika bahari kuu, ambako hapapiti meli nyingine, na siku ya kwanza tu ya kupima, kile chombo cha gesi kikampa Bi Pua zawadi. Mstari kwenye kioo ulikuwa ukitambaa chini tangu alfajiri. Jua lilipopanda vizuri, mstari ukasimama ghafla kama mtu aliyechomwa mwiba, ukapanda kilima kirefu, ukakaa juu, kisha kabla ya adhuhuri ukashuka. Kesho yake, wakati uleule, kilima. Kesho kutwa, kilima.

Alijua jambo moja ambalo lilitakiwa kumsumbua. Jua huila ile gesi. Mchana ilitakiwa ipungue, haikutakiwa kupanda. Lakini ukipenda, chongo huita kengeza. Alitengeneza maelezo: vimea vinaamka na jua, vinachangamka, vinaachia gesi nyingi kuliko jua linavyoweza kula, kisha vinachoka. Maelezo yalimkaa vizuri. Aliyavaa siku nzima akiyatembeza sitahani, na jioni akatumia simu ya setilaiti kumpelekea mkurugenzi ujumbe mfupi: bahari inapumua kila asubuhi, ushahidi ninao, winchi itafutiwe pengine.

Bi Grisi alipoonyeshwa vile vilima aliinamisha kichwa upande mmoja. Alisema yeye si mkemia, ila bahari aliyoizoea haijui ratiba. Hii inaanza kazi wakati mmoja na kumaliza wakati mmoja, utadhani inapiga kengele. Bi Pua akamwambia kila mtu na kazi yake, arudi kwa moshi wake.

Kisha ikaja siku moja, mezani.

Chumba cha kulia kilikuwa na meza mbili zilizofungwa skrubu sakafuni na benchi zenye mito iliyochanika pembeni, ambayo fundi cherehani aliwahi kuahidi kuishona. Chakula kilikuwa viazi na kabichi, kama jana, kama juzi. Mpishi alikuwa amepakia kabichi nyingi kwa kuwa haziozi upesi. Baharia mmoja akamwuliza Bi Pua ile gesi yake inanuka vipi. Swali zuri kwa mtu aliyeshiba ushindi. Bi Pua akaweka uma chini, akaanza kufundisha. Alisema kidogo sana ikiwa hewani ndiyo ile harufu ya bahari ambayo watu huivuta kwa raha ufukweni. Ukiipata chupani, kali, bila kuchanganywa na kitu, ni harufu ya kabichi iliyochemshwa ikapitiliza.

Bi Grisi akainua sahani yake taratibu, akaisogeza mpaka chini ya pua ya wifi yake.

"Kama hii?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Hata nahodha alitabasamu, na huyo alikuwa hatabasamu hovyo. Bi Pua naye alicheka, kwa sauti, akafuta machozi, akachukua uma. Uma haukufika mdomoni.

Akageuka kwa mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kijiko chake kikubwa. Alimwuliza kwa upole kabisa anapikia wapi kabichi.

"Mbele, mama," mpishi akasema. "Kule nyuma, jikoni kwangu, masizi ya wifi yako yanaingia sufuriani. Nimepeleka jiko la gesi kule nyuma ya kontena lako, kuna kivuli na hakuna upepo. Na mstari sijauvuka, nimeweka jiko upande huu wa rangi. Muulize yeyote."

Hakuna aliyehitaji kuulizwa. Kila mtu alikuwa amemwona, na kila mtu alidhani Bi Pua ameruhusu. Yeye peke yake hakumwona, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa akiitii ile sheria hata zaidi ya mstari wenyewe. Pampu ikilia alikaa kwenye maabara ya chini akitazama kioo. Upepo wa mbele ukipiga kontena hupinda juu na pembeni, kisha hujikunja nyuma yake na kuzunguka pale, kama maji nyuma ya jiwe. Mvuke wa sufuria ulikuwa ukipanda ukutani, usawa wa bega, na kuingia moja kwa moja kwenye bomba fupi na safi. Yeye ndiye aliyeufukuza moshi nyuma, moshi ukamfukuza mpishi mbele, na mpishi akaja kupikia puani mwake. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo kaishona mwenyewe.

Bi Pua alimaliza sahani yake. Kisha akasema asante, akaondoka.

Alasiri Bi Grisi aliteremka maabarani na vikombe viwili vya chai, mikono bado myeusi kwenye kucha. Alimkuta wifi yake ameketi mbele ya vile vilima, amevikuza kwenye kioo hadi vimejaa. Hakumcheka. Alikuwa amekuja na utani wa kutosha njiani, lakini alipoiona shingo yake ilivyoinama aliumeza wote na chai. Ndugu wa mume unamtania akiwa amesimama. Akianguka unamshika mkono.

Bi Pua alimwambia jambo la kwanza ni kupiga simu. Alipiga palepale, wifi akisikia. Alimwambia mkurugenzi kwamba ujumbe ule aufute, kilichopumua ni sufuria. Upande wa pili sauti ikasema, bila kejeli, jambo lililomuuma zaidi: kwamba anamheshimu kwa kusema, na kwamba ataanza kuchora mahali pa kuifunga winchi.

Alipoweka simu, Bi Grisi alimwuliza swali la mtu wa mitambo: nini kimeharibika na nini kizima. Fundi huwa haanzi na kulia, huanza na kutenga.

Swali hilo likamwamsha. Akaanza kujibu kwa mdomo, akaendelea kwa mikono, akifungua na kufunga droo. Bomba fupi limeharibika, vipimo vya gesi vya asubuhi zote vitupwe. Lakini bomba refu liko juu ya mlingoti, juu ya ule mzunguko wa upepo. Halafu akasimama katikati ya chumba.

"Hata kama mvuke ungefika juu," akasema, "kabichi haina umri."

Bi Grisi akamtazama.

"Gesi haigeuki salfeti kwa kupita, wifi. Inataka jua, inataka muda, siku nzima na zaidi. Inayotoka sufuriani ikaingia bombani imezaliwa sasa hivi, bado mbichi. Inapita kwenye chujio kama maji kwenye wavu. Kitakachonasa ni kile kilichozeeka hewani kabla hatujafika."

Kwa hiyo machujio ni mazima. Bi Grisi akafikiri, akapuliza chai, kisha akamtobolea hoja bila huruma, kama mkurugenzi angefanya. Kabichi sawa, imetoka. Moshi wake je? Yeye mwenyewe anajua upepo hugeuka ghafla. Atathibitishaje kwamba moshi haukupanda mlingotini hata siku moja? Salfeti ni salfeti.

"Mdogo Mtu," Bi Pua akasema.

"Mdogo Mtu ataonyesha bahari imo. Hataonyesha mimi simo."

Ilikuwa kweli. Chini ya miguu yao mashine kubwa ilikuwa ikinguruma taratibu, na Bi Grisi aliisikiliza kwa muda, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mtoto amelala chumba cha pili.

"Nikikuzimia?" akasema.

Bi Pua hakuelewa mara moja. Wifi akamweleza. Azime kila kitu: mashine kubwa, jenereta, jiko, kila chenye moto. Pampu itakula betri za dharura, anazo za kutosha kwa mchana mmoja. Siku hiyo kwenye meli hakutakuwa na moshi wala mvuke wa kujinusa. Chujio la siku hiyo likitoka sawa na machujio mengine, basi hayo mengine hayana hatia. Likitoka tofauti, mkurugenzi atakuwa amesema kweli, na Bi Pua atakuwa amejua mwenyewe kabla ya kuambiwa.

"Na isipowaka tena?"

"Iliwahi kukataa nikiwa mimi nimeishika?" Bi Grisi akasimama, akakusanya vikombe. "Ila ukimwambia kaka yako kwamba niliizima mashine katikati ya bahari kwa ajili ya dada yake, nitakana."

Nahodha aliwasikiliza wote wawili wakiwa wamesimama mbele yake kama wanafunzi, jambo ambalo hakulizoea, maana kwa kawaida walikuja mmoja mmoja kumshtaki mwenzake. Aliuliza kuhusu hali ya hewa, akaitazama mwenyewe, akaweka sharti kwamba upepo ukizidi nguvu anawasha. Mpishi aliambiwa siku hiyo ni mikate na jibini, na jiko lisiguswe hata kwa kiberiti. Alisema kwa miaka yote aliyopika melini hii ni mara ya kwanza chakula chake kusimamisha meli.

Alfajiri ya siku yenyewe kulinyesha mvua nene, ya kunyooka, ikaosha masizi yote ya sitaha na mlingoti. Ilipokatika Bi Grisi akazima. Kwanza ulikuja ukimya ambao uliwatisha mabaharia. Watu waliozoea mngurumo walijikuta wakinong'ona. Halafu meli, bila nguvu ya kuishika, ikaanza kuyumba ubavu kwa ubavu, na wanaume waliokuwa wakijisifu matumbo yao wakaenda kushika vyuma vya ukingoni. Mfuko wa chungwa ulipepea kuelekea huku, kisha kule, na safari hii haukuwa na haja ya kumwambia mtu chochote.

Bi Pua alikuwa amelirefusha tena bomba fupi mpaka juu ya mlingoti, akakubali hasara ya kuta. Mbele ya kioo alikaa, wifi yake akichungulia juu ya bega lake. Mstari wa gesi ulianza juu, ukiwa umejaa kwa usiku kucha. Jua likatoka kwenye mawingu. Mstari ukaanza kushuka, polepole, bila kushtuka, ukashuka asubuhi yote, ukashuka adhuhuri.

"Linaila," Bi Grisi akasema.

"Linaila," Bi Pua akaitikia. Ndivyo vitabu vilivyokuwa vikimwambia tangu mwanzo, naye akaviziba mdomo kwa kabichi.

Jioni akalishusha chujio. Lilikuwa jeupe kama lilivyopanda. Alilikata robo kwa mkasi, akaloweka kwenye maji yaliyosafishwa, akayapitisha maji hayo kwenye chombo kirefu kinachotenganisha chumvi moja na nyingine. Kwanza ikapanda chumvi ya bahari, mlima mkubwa kama kawaida. Kisha salfeti. Bi Grisi alitaka kushangilia, wifi akamzuia kwa kidole: maji ya bahari nayo yana salfeti yake, hiyo itolewe kwanza kwa kuangalia sodiamu, inayoonyesha chumvi ya bahari ni kiasi gani. Akaitoa. Iliyobaki ilikuwa nyingi bado. Na kabla yake, pembeni, kwenye mstari ulionyooka, kikainuka kilima kidogo, chembamba, kisichotaka makuu.

"Huyo?" Bi Grisi akauliza.

"Ndiye."

Akaleta robo za machujio ya siku za moshi. Kilima kidogo kilikuwapo katika kila moja, na salfeti ilitofautiana kidogo tu na ya siku ya ukimya. Lilikuwapo moja ambalo salfeti yake ilizidi, na ukilishika kwenye mwanga lilikuwa na kivuli cha kijivu ukingoni. Bi Pua aliliweka kando.

"Hili ni lako, wifi."

"Niachie," Bi Grisi akasema. "Kila nyumba ina mmoja."

Mashine ilikuwa imewaka jioni ileile, chujio liliposhuka tu, mara ya kwanza alipoigusa. Alihakikisha watu wote wamesikia.

Meli ilipofunga kamba, mkurugenzi alipanda akiwa na utepe wa kupimia nafasi ya winchi mfukoni. Bi Pua hakumhutubia. Alimwekea mezani machujio mawili, la siku ya moshi na la siku ya ukimya, na michoro yake miwili, akamwonyesha pia lile la kijivu kabla hajaulizwa. Akasema sehemu ya salfeti ile huenda imetoka kwa meli za mbali, hajui kiasi, ila iliyobaki ni ya bahari na Mdogo Mtu ametoa ushahidi. Mkurugenzi alitafuta pa kutoboa kwa muda mrefu. Aliuliza kuhusu chumvi, akajibiwa. Aliuliza kuhusu upepo, akaonyeshwa siku isiyokuwa na moto wowote melini. Mwisho akauliza kuhusu kabichi, na hapo hata yeye akacheka.

Kontena lilibaki mbele. Winchi ilifungwa nyuma, kwenye masizi, na wapima sakafu ya bahari wamelalamika tangu siku hiyo hadi leo. Mkurugenzi alihamishiwa ofisi nyingine, ambako huwatolea wageni mfano wa kabichi kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Nahodha alistaafu akaenda kuishi mahali ambapo bahari haionekani. Mpishi alipewa kofia ya bati juu ya mlango wake wa nyuma ili masizi yasimwangukie, akarudi kupikia huko. Mstari wa njano ulichorwa upya, mbali zaidi. Bi Grisi alipanda cheo, akahamia meli kubwa inayochoma mafuta yenye salfa kidogo, na humwambia wifi yake kwamba sasa ni msafi kuliko yeye. Fundi cherehani alishona mito ya benchi, na alipoisikia habari ya mashine kuzimwa katikati ya bahari, mkewe alikana. Ule mfuko wa upepo uliraruka safari iliyofuata, akashona mwingine. Bi Pua aliendelea na safari mpaka magoti yalipokataa ngazi. Bomba la gesi halikukatwa tena. Kabichi hali, lakini akialikwa kwa kaka yake huinusa kwanza, kisha hupitisha bakuli kwa wifi.